Ile Kozi ya Kukandamiza Kifua

Mwaka jana baba mdogo alianguka sebuleni tukisubiri taarifa ya habari. Tulimmwagia maji, tukampepea, mmoja akakimbia kutafuta bajaji. Kifuani hatukumgusa. Tulifika hospitali akiwa ameshafariki. Mimi nasoma ualimu, nikajiambia hayo ni mambo ya manesi.

Muhula huu rumeti wangu, anayesoma uuguzi, alikuwa anajiandaa na mtihani wa kozi ya msingi ya kuokoa maisha, wenyewe wanaiita BLS. Usiku alikuwa anafanya mazoezi kwenye mto, mimi namhesabia. Hapo ndipo nikaelewa.

Moyo ukisimama, damu haifiki kwenye ubongo, na ndani ya dakika chache ubongo unaanza kuharibika. Kwa hiyo mikono yako ndiyo inakuwa moyo. Hakikisha mahali ni salama, mwite mgonjwa, mguse mabegani. Haitiki na hapumui, au anakoroma kwa mbalimbali tu? Ita msaada. Kama ni mtu mzima, weka kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Kandamiza sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara uache kifua kinyanyuke. Aliyefunzwa anatoa pumzi 2 kila baada ya mikandamizo 30. Kila dakika 2 mpokezane, maana aisee, inachosha! Mashine ya kushtua moyo ikifika, iwashe na ufuate maelekezo yake.

Mtihani una maswali, halafu vitendo juu ya sanamu. Kwenye kozi ya Chama cha Moyo cha Marekani, inayofundishwa nchi nyingi, maswali unatakiwa upate asilimia 84, na kadi inaisha baada ya miaka 2. Nilidhani ni ujanja wa kukusanya ada. Kumbe ujuzi usiotumika husahaulika haraka. Unabaki na cheti, mikono imeshasahau. Wala cheti hicho si leseni ya unesi. Hiyo inatolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Hakuna wa kuniambia kama baba mdogo angepona. Ila mwakani nitasimama mbele ya darasa, pengine mbali na zahanati yoyote, na mtoto akianguka watanitazama mimi.

Rumeti wangu amefaulu. Jumamosi tunarudi kwenye mto, safari hii yeye ndiye anahesabu.