Ilimu ya Mabaki

Katika mpaka wa Rusizi II, baina ya Wilaya ya Rusizi ya Rwanda na mji wa Bukavu, wachuuzi wa nchi mbili huuziana bidhaa kwa Kiswahili. Na lau mama mmoja miongoni mwao, aliyebeba mayai yasiyofika 105, angetuambia kwamba akiyapanga matatu matatu hubaki mawili, akiyapanga matano matano hubaki matatu, na akiyapanga saba saba hubaki mawili, kisha akatutaka tumtajie idadi yake bila ya kuyahesabu, angekuwa ametuuliza swali lile lile lililomo katika kitabu cha hesabu cha Sunzi wa China, kilichoandikwa yapata miaka 1,600 iliyopita. (Huyu siye Sunzi wa kitabu cha vita, ingawa jina lao ni moja.)

Jawabu ni 23. Sunzi alilipata kwa kuzidisha baki la kwanza kwa 70, la pili kwa 21 na la tatu kwa 15, yakatoka 140, 63 na 30, jumla yake 233. Kisha akapunguza 210, ambayo ni 105 mara mbili. Siri imo katika nambari zile tatu: 70 hugawanyika sawasawa kwa 5 na kwa 7, bali kwa 3 hubakisha 1; 21 hubakisha 1 kwa 5 tu; na 15 hubakisha 1 kwa 7 tu. Kwa hiyo kila moja hutumikia kigawanyo chake bila ya kuwaharibia wenziwe. Sunzi hakuieleza sababu hiyo. Alitoa kanuni, akaishia hapo.

Njia ya jumla ilikuja mwaka 1247, kwa mwanahesabu Qin Jiushao, aliyetunga kitabu chake alipokuwa katika maombolezo ya mama yake. Haja kubwa ya maulama wa China katika jambo hili ilikuwa falaki, maana watengeneza kalenda walitaka kujua ni lini, katika zama za kale, mizunguko ya siku, ya mwezi na ya jua ilianza pamoja.

Na kalenda za namna hiyo hazikuwa ngeni kwetu. Mabaharia wa pwani ya Waswahili walihesabu mwaka wa Nairuzi (siku ya mwaka mpya wao) kwa siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Na juma la siku saba likaenda sambamba nayo. Mathalani, Nairuzi ikianza Jumamosi, na nahodha akajua kwamba leo ni Ijumaa, siku ya nne ya mwongo, ila mwongo wenyewe umempotea, basi leo haiwezi kuwa ila siku ya 14, au ya 84, au ya 154, na kuendelea hivyo kwa kuruka siku 70, kwa kuwa 10 na 7 hazina kigawanyo cha shirika ila 1. Kwa vile Nairuzi huangukia katikati ya mwaka wa Miladia, siku ya 14 kusi ingali ikivuma, na ya 154 ni majira ya kaskazi. Upepo wenyewe ungempunguzia shaka. Sidai kwamba nahodha aliandika kanuni, lakini naona elimu yake ilistahili heshima kubwa kuliko iliyopewa.

Huko Ulaya, mwanahesabu Gauss aliieleza kanuni hii ya mabaki mwaka 1801, na mwaka 1852 ndipo Mwingereza Alexander Wylie alipowajulisha Wazungu habari za Sunzi. Leo kompyuta huitumia kanuni hiyo kufupisha hesabu za kufungua maandishi ya siri.

Na kabla ya Qin, mwanahesabu Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefia Misri yapata mwaka 1040, naye aliitafuta idadi ibakishayo 1 ikigawanywa kwa 2, 3, 4, 5 na 6, lakini kwa 7 haibakishi kitu. Njia yake moja huleta 721. Ipo ndogo kuliko hiyo, chini ya 400. Msomaji na ashike kalamu aitafute.