Kelly Holmes

Dame Kelly Holmes (alizaliwa Pembury, Kent, Uingereza, 19 Aprili 1970) ni mwanariadha mstaafu wa mbio za kati. Alishinda medali za dhahabu za mita 800 na mita 1500 katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 34. Alikuwa Mwingereza wa kwanza kushinda mbio hizo mbili katika Olimpiki moja tangu Albert Hill mwaka 1920. Kwa upande wa wanawake, ni wa tatu duniani kufanya hivyo, baada ya Tatyana Kazankina (1976) na Svetlana Masterkova (1996).

Nje ya uwanja anajulikana kwa kuwalea wakimbiaji chipukizi, na kwa taasisi yake inayowatumia wanamichezo wa ngazi ya juu kuwasaidia vijana wanaoishi katika mazingira magumu.

Maisha ya awali

Mama yake ni Mwingereza na baba yake, Derrick Holmes, alikuwa fundi magari mzaliwa wa Jamaika. Wazazi hao walitengana Kelly akiwa mtoto mdogo sana, na kwa vipindi alitunzwa katika makao ya watoto. Baadaye mama yake aliolewa tena, na familia iliishi Hildenborough, kijiji kilicho karibu na mji wa Tonbridge.

Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa hodari katika masomo ya darasani. Mwalimu wake wa michezo ndiye aliyetambua kwamba binti huyo ana uwezo wa kukimbia, akamtia moyo. Akiwa na miaka 12 alijiunga na klabu ya riadha ya Tonbridge chini ya kocha Dave Arnold, na mwaka 1983 alishinda mbio za mita 1500 katika mashindano ya kitaifa ya shule.

Mwaka 1984 alimwona Sebastian Coe kwenye televisheni akishinda dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Los Angeles. Tangu hapo alikuwa na ndoto mbili: kuwa bingwa wa Olimpiki, na kuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo jeshini.

Jeshini

Holmes aliacha shule akiwa na miaka 16. Alifanya kazi dukani, kisha akawa msaidizi wa kuwahudumia watu wenye ulemavu. Mwaka 1988 aliingia jeshini, ambako alianza kama dereva wa malori na baadaye akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa pia bingwa wa judo wa jeshi. Ndoto moja ilikuwa imetimia, lakini ile ya pili aliiweka kando, kama wanavyofanya vijana wengi wanaong'ara shuleni na kuacha michezo wanapoanza kujitegemea.

Mwaka 1992, akitazama Olimpiki ya Barcelona kwenye televisheni, alimwona Lisa York akikimbia mita 3000. York alikuwa msichana ambaye Holmes aliwahi kushindana naye katika mashindano ya vijana. Kumwona mtu anayemfahamu akiwa katika Olimpiki kulimfanya arudi kwenye mazoezi. Kwa miaka mitano iliyofuata aliunganisha riadha na kazi ya jeshi, hadi alipoacha jeshi mwaka 1997.

Mafanikio na majeraha

Matokeo yalionekana mapema. Mwaka 1994 alishinda dhahabu ya mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Victoria, Kanada. Mwaka 1995 alipata fedha ya mita 1500 na shaba ya mita 800 katika Mashindano ya Dunia mjini Gothenburg, na mwaka huohuo aliweka rekodi ya taifa ya mita 800 kwa kutumia dakika 1:56.21.

Hata hivyo, kila alipokaribia kilele aliumia. Katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 alikimbia akiwa na ufa katika mfupa wa mguu, akawa wa nne katika mita 800. Mwaka 1997 alikwenda kwenye Mashindano ya Dunia mjini Athens akitarajiwa kushinda mita 1500, lakini aliumia kigimbi na kano ya kisigino katika mbio za mchujo na hakuendelea. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alipata shaba ya mita 800, licha ya kukosa mazoezi ya kutosha mwaka huo kwa sababu ya majeraha.

Mwaka 2003, akiwa kambini Ufaransa na akisumbuliwa tena na jeraha, alipatwa na sonona na kuanza kujidhuru. Alificha hali hiyo, na mwaka huohuo alishinda medali ya fedha ya mita 800 katika Mashindano ya Dunia mjini Paris. Alieleza hadharani yaliyompata mwaka 2005, wakati wanamichezo wachache sana walizungumzia afya ya akili. Mwaka 2022 alieleza pia kwamba anapenda wanawake, jambo alilolificha tangu alipokuwa jeshini, kwa kuwa hadi mwaka 2000 sheria za jeshi la Uingereza zilikataza mapenzi ya jinsia moja.

Olimpiki ya Athens 2004

Kushinda mita 800 na mita 1500 katika michezo ileile ni kazi ngumu kwa sababu mbili. Kwanza, mbio hizo hazifanani: mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja na huhitaji kasi kubwa, ilhali mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu na huhitaji zaidi ustahimilivu na hesabu ya mbinu. Pili, kila mbio ina mchujo, nusu fainali na fainali. Hivyo Holmes alilazimika kukimbia mara sita katika siku tisa, kuanzia tarehe 20 hadi 28 Agosti.

Alifika Athens akiwa mzima, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. Siku chache tu kabla ya mashindano aliamua kwamba atakimbia mita 800 pia. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwa Maria Mutola wa Msumbiji, bingwa mtetezi, ambaye walikuwa wamefanya naye mazoezi pamoja chini ya kocha Margo Jennings.

Katika fainali ya mita 800, tarehe 23 Agosti, mzunguko wa kwanza ulikwenda kwa kasi kubwa. Holmes alibaki nyuma bila kuhangaika, akasogea katika mzunguko wa pili, na kumpita Mutola katika mita za mwisho. Alishinda kwa dakika 1:56.38. Hasna Benhassi wa Moroko na Jolanda Čeplak wa Slovenia walimaliza nyuma yake kwa tofauti ya sehemu tano tu za mia za sekunde, na Mutola akawa wa nne. Holmes hakuamini kwamba ameshinda mpaka alipoona marudio kwenye skrini ya uwanja.

Siku tano baadaye alitumia mbinu ileile katika mita 1500. Alisubiri nyuma ya kundi, akapanda nafasi katika mzunguko wa mwisho na kushinda kwa dakika 3:57.90, rekodi mpya ya taifa. Mwaka 2005 alipewa cheo cha heshima cha Dame, na mwishoni mwa mwaka huo alistaafu.

Kazi yake na vijana

Mwaka 2004 Holmes alianzisha mpango wa kuwalea wasichana wanaokimbia mita 800 na mita 1500. Wasichana walipelekwa katika kambi za mazoezi, zikiwemo za Afrika Kusini, wakafundishwa kupumzika, kula vizuri na kujikinga na majeraha, pamoja na namna ya kuishi kama mwanariadha anayejitegemea. Mmoja wao, Hannah England, alishinda medali ya fedha ya mita 1500 katika Mashindano ya Dunia mjini Daegu mwaka 2011. Mwingine, Adelle Tracey, aliteuliwa na Holmes kuwa mmoja wa vijana saba waliowasha mwenge mkuu wa Olimpiki ya London mwaka 2012. Tracey baadaye aliiwakilisha Uingereza, kisha Jamaika.

Mwaka 2006 serikali ya Uingereza ilimteua kuwa balozi wa kitaifa wa michezo shuleni, kwa lengo la kuwavuta watoto, hasa wasichana, kushiriki michezo. Lakini hamasa ya bingwa haitoshi bila walimu na fedha. Mwaka 2010 serikali iliyofuata ilitangaza kusitisha mfuko maalumu wa pauni milioni 162 uliogharamia ushirikiano wa michezo kati ya shule. Walimu na wanamichezo mashuhuri walipinga, na sehemu ya fedha hizo ikarejeshwa.

Mwaka 2008 alianzisha taasisi inayojulikana leo kama Dame Kelly Holmes Trust. Taasisi hiyo huwaandaa wanamichezo wa ngazi ya juu, wakiwemo waliostaafu, ili wawe walezi wa vijana wenye matatizo kama vile kukosa kazi au kuacha shule. Lengo si kuwafanya vijana hao kuwa mabingwa. Wanajifunza kujiamini, kupanga malengo na kuinuka baada ya kushindwa, mambo ambayo mwanamichezo huyapitia kila msimu. Wakati huohuo mwanamichezo aliyestaafu hupata kazi mpya yenye maana.

Baada yake

Rekodi ya Holmes ya mita 800 ilidumu karibu miaka 26. Ilivunjwa na Keely Hodgkinson katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, alipopata medali ya fedha kwa dakika 1:55.88 akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka 2024 mjini Paris, Hodgkinson alishinda dhahabu ya mita 800, akiwa Mwingereza wa kwanza kuitwaa kwa upande wa wanawake tangu Holmes. Hodgkinson alikuwa mtoto wa miaka miwili Holmes aliposhinda Athens.

Katika michezo hiyohiyo ya Paris, Georgia Bell alishinda shaba ya mita 1500. Kama Holmes, naye aling'ara akiwa kijana, akaacha riadha kwa miaka kadhaa, kisha akarudi akiwa mtu mzima.

Medali za Olimpiki na Mashindano ya Dunia

1995, Gothenburg: fedha (mita 1500) na shaba (mita 800)
2000, Sydney: shaba (mita 800)
2003, Paris: fedha (mita 800)
2004, Athens: dhahabu (mita 800) na dhahabu (mita 1500)