Kidonge Kinapofika Ubongoni

Chukua dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda: usingizi umemhama wiki kadhaa, chakula hakipiti, hata simu za watoto hazimchangamshi. Daktari akibaini ni sonona, huenda akamwandikia fluoksetini, kapsuli ya miligramu 20 kila asubuhi.

Seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali, mojawapo ikiwa serotonini. Ujumbe ukishafika, protini maalumu huifyonza serotonini na kuirudisha kwenye seli iliyoitoa. Dawa huziba protini hizo, na serotonini hukaa nje kwa muda mrefu zaidi.

Picha zimethibitisha hilo. Mwaka 2004, Jeffrey Meyer na wenzake wa Toronto walichapisha utafiti wa PET: mtu hudungwa kiasi kidogo cha kemikali yenye mnururisho inayonata kwenye protini hizo, kisha mashine husoma ilikotua. Kwa dozi za kawaida za dawa tano tofauti, takriban asilimia 80 ya protini zilikuwa zimezibwa.

Protini huzibwa ndani ya saa chache, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa. Inasikitisha kwamba wengi huacha dawa katika kipindi hicho hicho. Wala picha hizo hazithibitishi kuwa sonona ni upungufu wa serotonini tu. Mapitio ya tafiti ya daktari wa akili Joanna Moncrieff na wenzake ya mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti wa dai hilo.

Kidonge si njia pekee. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, utafiti wa Masaka na Rakai uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha vijiji 30. Vikundi vya mazungumzo, vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, vilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa.