UZI: Ati kompyuta ya kwantamu itamaliza kripto? Twende pole pole

1/ Mjadala wa kripto ukianza, redioni ama barazani, lazima watoke watu wawili. Mmoja: "Wachaneni na hiyo kitu, kompyuta mpya zinakuja kuvunja kila kufuli." Mwingine: "Bitcoin haivunjiki, milele." Hata huku kwetu Njukini vijana wananiuliza nani mkweli. Kwangu mimi, wote wawili wanaruka swali lenyewe.

2/ Anza na M-Pesa. Namba yako ya simu watu wanaijua, PIN unaijua peke yako. Hakuna hesabu ya kutoa PIN kwenye namba, kwa sababu hazina undugu. Bitcoin ni tofauti: ufunguo wa wazi unazaliwa na ufunguo wa siri kwa hesabu. Kutoka wa siri kwenda wa wazi ni rahisi. Kurudi nyuma, kompyuta za leo haziwezi, hata uzipe miaka mabilioni.

3/ Hapo ndipo kwantamu inaingia. Mwaka 1994 Mmarekani Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina hiyo, ikiwa kubwa vya kutosha, inaweza kurudi nyuma haraka. Kwa hivyo hatari si porojo.

4/ Ipo tayari? Bado. Desemba 2024 Google walitangaza chipu ya Willow yenye kyubiti 105 (kyubiti ndiyo chembe ya hesabu ya mashine hizi). Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba kuvunja RSA ya biti 2048, kufuli jingine maarufu mtandaoni, kungetaka kyubiti milioni 20. Mei 2025 makadirio yakashuka chini ya milioni moja. Ukilinganisha na 105, ni mbali. Lakini ona vile mlima unapungua.

5/ Nani wa kwanza kuumia? Aina nyingi za anwani za Bitcoin huficha ufunguo wa wazi mpaka siku unapotuma pesa. Ukishatuma, umeonekana. Kwa hivyo anwani inayotumika tena na tena iko hatarini zaidi, pamoja na sarafu nyingi za 2009 na 2010 ambazo funguo zake ziko peupe tangu mwanzo.

6/ Kufuli mpya zipo. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza. Benki ikiamua, inabadilisha mitambo yake na mteja hata hajui. Bitcoin haina meneja. Lazima watumiaji wakubaliane, halafu kila mtu ahamishe sarafu zake mwenyewe. Na za marehemu aliyekufa na ufunguo wake? Ziachiwe mwizi ama zifungwe? Hapo hesabu imeisha, siasa imeanza.

7/ Sasa turudi nyumbani. Oktoba 2025 Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali pepe, na wasimamizi ni Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mwanasiasa akikuja kutisha ama kujisifu, muulize mambo matatu. Kampuni inayoshika kripto ya Wakenya ina mpango gani wa kubadilisha kufuli? Nani anaukagua? Mteja akiibiwa, nani analipa?

8/ Mwisho: mwizi wa leo hahitaji kwantamu, anahitaji umwamini tu. Ukipigiwa simu ati "hamisha kripto kwa pochi isiyovunjwa na kwantamu, tuma yale maneno yako 12 ya siri", kata. Hayo maneno ndiyo ufunguo wenyewe. Hakuna kampuni halali inayoyaomba.

Mwenye swali aliweke hapo chini, na umtumie yule jamaa yako wa "kripto imeisha".