Mtoto Mchanga Aliaye Jioni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Dawa ya Tumbo

Wazazi wengi wa Kibaha na Kisarawe wanaijua saa hii. Jua limekwisha kuzama, chakula cha usiku kiko jikoni, na mtoto wa majuma matano, aliyeshinda mchana kutwa akinyonya na kulala bila taabu, anaanza kulia. Uso umemkunjamana, magoti ameyapandisha tumboni, ngumi amezifumba. Akipewa titi ananyonya mara mbili tatu, analiachia na kulia upya. Bibi anasema ni chango. Jirani anasema ni gesi. Baba anatafuta bodaboda awahi duka la dawa kabla halijafungwa. Makala haya yanahusu safari hiyo ya dukani: ni lini ina faida, ni lini ni fedha iliyopotea, na ni lini safari iliyotakiwa ilikuwa ya zahanati.

Kilio cha namna hii kinafahamika kwa waganga tangu zamani. Mwaka 1954 daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, pamoja na wenzake, walikiwekea kipimo ambacho kingali kikitajwa hadi leo: mtoto mwenye afya njema aliaye zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa juma, kwa muda wa zaidi ya majuma matatu. Huanza katika majuma ya mwanzo ya maisha, hufikia kilele karibu na juma la sita, na aghalabu hukoma mtoto anapotimiza miezi mitatu au minne. Huwapata watoto wanaonyonya maziwa ya mama na wanaopewa maziwa ya kopo, wa kike kwa wa kiume. Chanzo chake hasa wataalamu hawajakubaliana. Hata gesi inayolaumiwa mara nyingi ni tokeo la kilio, kwa kuwa mtoto aliaye kwa nguvu humeza hewa nyingi.

Tunaomba msomaji alishike jambo moja hapa, maana ndilo linalomgharimu mlaji. Kwa kuwa kilio hiki huisha chenyewe, kila kilichotolewa katika mwezi wa tatu huondoka na sifa ya kuponya. Mzazi aliyenunua chupa ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha mtoto akanyamaza, ataisifu ile ya tatu kwa dhati kabisa, na shuhuda hiyo itampeleka mzazi mwingine dukani.

Mfano mzuri ni dawa iuzwayo kwa jina la Gripe Water, ambayo bibi zetu waliikuta tayari madukani. Ilianzia katika mji wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, kwa mkono wa mfamasia William Woodward. Ndani yake mlikuwa na sukari, mafuta ya mbegu za shibiti, magadi ya kuyeyusha tindikali ya tumbo, na pombe. Haihitaji elimu kubwa kutambua kwa nini mtoto aliyekunywa pombe na sukari alinyamaza. Pombe iliondolewa baadaye katika nchi nyingi, na chupa nyingi za sasa huandikwa kwamba hazina. Sukari bado imo katika baadhi yake, na ladha tamu peke yake humtuliza mtoto kwa dakika chache. Matone ya kuondoa gesi yenye simethikoni nayo yamejaribiwa kwa kulinganishwa na matone yasiyo na dawa yoyote, na hayakuonekana kuyashinda katika kutuliza kilio hiki. Hatusemi kwamba bidhaa hizi ni sumu. Tunasema kwamba fedha inayotolewa kwa ajili yake hainunui tiba.

Anayeamua kununua hata hivyo, na asinunue gizani. Duka la Dawa Muhimu linapaswa kuwa na kibali kilichobandikwa mahali panapoonekana, na dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Soma umri ulioandikwa kwenye kifungashio. Kama kimeandikwa kwamba dawa si ya mtoto wa chini ya mwezi mmoja, maneno ya muuzaji kwamba “wengi wanatumia” hayafuti maandishi hayo. Tazama viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, au dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda na kuuzwa sokoni au kwenye basi, isiingie kinywani mwa mtoto mchanga kwa bei yoyote. Tena, mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji kinywaji kingine, hata maji, hata katika joto la Februari. Kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo sana, na kama maji hayo yametoka kisimani au lamboni bila kuchemshwa, huja na kuhara.

Ndivyo ilivyo pia kwa uji mwepesi, maji ya sukari na mizizi iliyochemshwa. Asali ina hatari ya pekee: yaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ndani ya utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Kuhusu kukata kimeo, tunasema bila kuzunguka. Mtoto anayetapika au kukohoa hupelekwa kwa mkataji, naye hurudi na kidonda kooni, pengine akivuja damu asiweze kunyonya. Kimeo ni kiungo cha kawaida cha mwili, wala hakisababishi kilio cha jioni.

Liko lingine ambalo halinunuliwi, nalo ni ghali kuliko yote. Katika pwani yetu mtoto anayelia, anayeharisha au asiyenenepa huweza kusemwa kwamba amebemendwa, yaani wazazi wake wamekutana kimwili kabla ya wakati au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mama aliyekwisha kuchoka kwa kukesha sasa anabeba na tuhuma. Wapo wanaoacha kumpeleka mtoto kliniki kwa kuogopa kuulizwa maswali, na wapo wanaoacha kunyonyesha kwa kuambiwa maziwa yao yameharibika. Maziwa ya mama hayaharibiki kwa tendo la ndoa. Tunafahamu kwamba nyuma ya imani hiyo kulikuwa na nia ya wazee kuwapa watoto nafasi ya kukua kabla ya mimba nyingine, na nia hiyo ina heshima yake. Siku hizi uzazi wa mpango hutimiza kazi hiyo bila mtu kushutumiwa.

Kabla ya kufikiri dawa, chunguza unyonyeshaji, kwa sababu humo ndimo kasoro nyingi zinazorekebishika hupatikana. Mtoto aliyeshika chuchu peke yake hupata maziwa kidogo na hewa nyingi, na humwachia mama vidonda. Anayenyonya vizuri amefungua kinywa kwa upana, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umejikunja kwa nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu imo kinywani, hasa kwa upande wa chini. Sauti inayosikika ni ya kumeza, si ya kubofyabofya ulimi. Acha amalize titi moja ndipo umpe la pili: maziwa ya mwanzo ni mepesi na yale ya mwishoni yana mafuta zaidi, hivyo mtoto anayehamishwahamishwa mapema hushiba maji kuliko mafuta, akaja kusumbuliwa na tumbo na kutoa choo cha majimaji. Katika miezi ya mwanzo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Akimaliza, mlaze begani na kumpapasa mgongo mpaka acheue. Kucheua maziwa kidogo bila dhiki si ugonjwa. Angalia pia ndani ya kinywa: utando mweupe usiofutika kwenye ulimi na mashavu ni fangasi, nao una dawa yake zahanati. Mama anayeishi na VVU aendelee na dawa zake na anyonyeshe kama alivyoelekezwa kliniki, bila kuchanganya na vimiminika vingine.

Wengine huambiwa kwamba maziwa yao hayatoshi. Jibu halimo katika kilio, limo katika nepi na katika mizani. Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, ambaye amerudia uzito wake wa kuzaliwa alipofika majuma mawili, na ambaye mstari wa kadi yake ya kliniki unapanda, anashiba. Ikiwa mstari umelala au unashuka, hilo ni tatizo la kweli, na la kupeleka kwa mhudumu wa afya, si dukani.

Tufike kwenye maziwa ya kopo, kwa kuwa ndiyo hatua ambayo familia nyingi huichukua kwa haraka na kuijutia kwa muda mrefu. Wako watoto wanaoyahitaji: aliyefiwa na mama, au yule ambaye mama yake ameshauriwa na daktari asinyonyeshe. Lakini kuyaanza kwa sababu ya kilio cha jioni hakukomeshi kilio hicho. Fanya hesabu kabla ya kununua kopo la kwanza. Mtoto wa kilo 5 au 6 huhitaji takriban mililita 750 hadi 900 kwa siku, na kwa kipimo cha kawaida hiyo ni karibu gramu 100 za unga au zaidi kidogo. Kopo la gramu 400 litaisha ndani ya siku tatu au nne. Uliza bei, uizidishe kwa nane, na uone kama mapato ya nyumba yanaibeba kila mwezi. Maziwa ya mama yakishakauka kwa kutonyonywa, kuyarudisha ni kazi ngumu.

Pale hesabu isipofanyika mapema, hujifanya yenyewe mwishoni mwa mwezi. Vijiko vitatu vinakuwa viwili ili kopo lifike Jumamosi. Maziwa hubaki meupe, mtoto hunywa akanyamaza, na hakuna anayeona kasoro mpaka siku ya mizani. Mtoto huyo ana njaa. Anayetumia kopo hana budi kufuata kipimo kilichoandikwa, kwa kijiko kilichomo ndani yake, kwa maji yaliyochemshwa na yaliyo bado ya moto sana, yapoozwe ndipo anyweshwe, na yatakayobaki baada ya saa mbili yamwagwe. Kikombe husafishika kirahisi kuliko chupa yenye chuchu. Maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi si mbadala kwa mtoto wa umri huu.

Mjue pia kwamba kanuni za nchi yetu, zinazofuata ile ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 1981, zinakataza kutangaza maziwa haya kwa umma na kugawa sampuli za bure kwa akina mama. Anayekupa kopo la bure kliniki au dukani anavunja kanuni, hata akilitoa kwa tabasamu.

Sasa dalili ambazo hazisubiri asubuhi. Mtoto asiyeweza kunyonya, mwenye degedege, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika au kifua kikibonyea kwa ndani, mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi au aliyepoa isivyo kawaida, aliyelegea asijongee mpaka aguswe, anayetapika kijani au kuruka matapishi kwa nguvu kila anyonyapo, mwenye damu chooni, au tumbo lililovimba na kuwa gumu: huyo hana kilio cha jioni. Apelekwe kituo kilicho karibu zaidi. Aliye Maili Moja yuko jirani na Hospitali ya Tumbi. Aliye ndani ya vijiji vya Mzenga au Maneromango asiache zahanati ya karibu akakimbilia mbali bila rufaa, kwa kuwa huko ndiko atakakopewa huduma ya kwanza. Sera ya Afya ya mwaka 2007 imeweka msamaha wa malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, hivyo ukosefu wa fedha usiwe sababu ya kungoja.

Kwa mtoto asiye na dalili hizo, kinachobaki ni mikono na zamu. Mbebe wima kifuani, ngozi kwa ngozi. Tembea naye uani. Mwogeshe maji ya uvuguvugu. Punguza redio na wageni. Bibi anayetaka kuchemsha mizizi apewe kazi anayoiweza kuliko wote: “Bibi, naomba umbebe wewe, mikono yako ameizoea.” Wimbo wake mgongoni una nguvu kuliko sufuria. Baba naye ashike zamu yake. Ikiwa uvumilivu umefika mwisho, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje dakika chache, kisha umrudie. Kamwe usimtikise, kwani ubongo wake waweza kuvuja damu. Na mama ambaye huzuni haimwachii, asiyelala hata mtoto anapolala, aseme hivyo kliniki. Nayo ina tiba.

Kama bidhaa uliyonunua imemdhuru mtoto au ina shaka, usiitupe. Hifadhi chupa au kopo, kifungashio chenye namba ya toleo, na risiti. Masuala ya dawa hupelekwa TMDA. Maziwa ya kopo na vyakula vya watoto, tangu Julai 2019, viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Na muuzaji aliyedanganya kuhusu uwezo wa bidhaa hushtakiwa kwa Tume ya Ushindani. Asiyeweza kufika ofisi hizo aanzie kwa mfamasia wa wilaya, Kibaha au Kisarawe, akiwa na chupa yake mkononi.