Chai Yetu Twaijua kwa Maziwa Tu

Nikikuuliza chai hunywewa na kitafunio gani, bila shaka utanijibu: mandazi. Ndivyo tulivyolelewa. Birika la chumba cha walimu hufika saa nne likiwa na maziwa, sukari na majani yaliyotokoswa hadi yakasalimu amri. Sina ugomvi na chai hiyo. Imenivusha vipindi vingi vigumu. Lakini likizo iliyopita mwalimu mwenzangu alinialika kwao, karibu na Kanyakine huko Imenti Kusini, nami nikarudi na swali ambalo halijanitoka.

Nilikuwa nimebeba pakiti ndogo ya chai ya othodoksi. Ni chai nyeusi kama tuliyoizoea, ila majani yake huviringwa taratibu badala ya kupondwa na kukatwakatwa kama ifanywavyo katika viwanda vyetu vingi. Rangi yake ni ya dhahabu, na harufu yake ni ya maua. Harufu hiyo hutokana na mafuta mepesi yaliyomo ndani ya jani. Mojawapo ni linaloli, ambayo hupatikana pia katika maua mengi. Ukiitokosa sana chai hii, mafuta hayo hupaa na mvuke. Ukitia maziwa, protini zake hushikamana na tanini, kinywaji kikawa laini lakini bubu.

Mama mwenye nyumba, ambaye amechuma majani chai tangu ujana wake, alikitazama kikombe akaniuliza, "Mwalimu, hii ni chai ama ni maji ya kusuuzia sufuria?"

Tulicheka, kisha tukaanza kuvijaribu vyakula vilivyokuwa mezani. Mandazi yalishindwa mara moja, maana mafuta yalitanda ulimini na harufu ikazimika. Ndizi mbivu ina manukato yake yenyewe, na hayo yakagombana na ya chai. Mukimo ulikaangiwa vitunguu; sikuthubutu. Kiazi kitamu kilifaa kiasi. Lakini nduma! Nduma iliyochemshwa bila chochote, hata chumvi, ina ukavu unaodai kitu cha kuuteremshia, na utamu wake ni wa mbali, haumfuniki mgeni. Kila nilipomeza tonge, nilisikia harufu ya maua upya.

Mama alikunywa kikombe cha pili bila sukari, kimya. Kisha akasema, "Miaka yote hii nachuma majani mawili na chipukizi, kumbe yanaweza kunukia hivi?"

Hapo ndipo linaponiuma. Tangu 1964, shirika la KTDA lilipoundwa, mkulima mdogo amepeleka majani mabichi kiwandani. Chai kavu huteremka hadi Mombasa, kwenye mnada uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969, na sehemu kubwa huchanganywa ng'ambo na chai za nchi nyingine ili kuzitia ukali na rangi. Wanafunzi wetu hukariri kwamba chai ilipandwa Limuru mwaka 1903. Ni wangapi wameinusa? Somo la sayansi kimu halihitaji gharama kubwa: birika moja, dakika tatu bila maziwa, na sufuria ya nduma.

Mama aliniuliza bei ya pakiti ile. Nilipomtajia, akataka kujua kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo ngapi za majani mabichi. Nikamwambia ni takriban nne na nusu. Akachukua kalamu ya mjukuu wake, akaanza kupiga hesabu nyuma ya bahasha.