Magugu kwenye vijia vya changarawe: yang'oe mapema, usiyamwagie chumvi wala sumu

Kijia cha changarawe kikishamwagwa na kushindiliwa, wakazi wengi hudhani kazi imekwisha. Mvua ya masika huanza Machi kijia kikiwa bado safi. Kufikia Mei kingo zimeota kishona nguo, mtaro wa pembeni umefungwa na nyasi, na maji yaliyokosa pa kupita yanakata katikati ya njia. Mzee anayeenda zahanati usiku na kijana anayesukuma mkokoteni wenye mitungi ya maji ndio huhisi kwanza.

Makala haya yanawahusu wakazi wa Kibera na Kawangware, iwe ni kijia cha mtaa, mlango wa ploti, uwanja wa kanisa au njia ya kwenda chooni.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba magugu mengi hayatoki chini ya changarawe. Hutoka juu. Upepo huleta mbegu, nguo na miguu huzileta pia, na vumbi, majani na majivu ya jiko hujaza nafasi kati ya mawe mpaka kunakuwa na udongo wa kutosha mbegu kushika. Ndiyo sababu kutandika karatasi ya nailoni chini ya kokoto hakusaidii kama watu wanavyotarajia. Mwaka mmoja au miwili baadaye magugu huota juu ya karatasi hiyo, maji hushindwa kupenya, na nailoni yenyewe huchanika na kuanza kuchungulia.

Angalia pia magugu yanaota wapi. Ni nadra kuyakuta katikati ya njia, kwa sababu miguu ya watu ni palizi tosha. Huota pale ambapo hapakanyagwi na pale maji yanapotuama. Mahali pa kwanza ni chini ya ukuta wa mabati, ambapo maji ya paa hudondoka kwa mstari mmoja na kulainisha changarawe. Ukipanga mstari wa mawe makubwa hapo, au ukiweka gata la kupeleka maji kwenye pipa, utakuwa umepunguza kazi ya palizi kwa kiasi kikubwa, na maji ya kufulia utayapata bure.

Mahali pa pili ni kando ya mtaro, na hapa kosa ni letu sote. Tunapozibua mtaro tunatoa tope na kulirundika ukingoni, juu ya changarawe, tukisema tutaliondoa likikauka. Halafu haliondolewi. Tope hilo lina rutuba na limejaa mbegu. Katika wiki mbili tatu ni kitalu cha magugu, na mvua inayofuata hurudisha nusu yake mtaroni. Vijana waliofanya kazi ya Kazi Mtaani kuanzia mwaka 2020 wanalijua hili vizuri: mtaro uliozibuliwa Jumatatu bila tope kubebwa huwa umeziba tena kabla ya mwezi kwisha. Tope likitolewa, litiwe kwenye gunia siku hiyo hiyo. Vaa glavu na gambuti, kwa sababu maji ya mitaro yetu yamechanganyika na kinyesi.

Sasa palizi yenyewe. Wakati mzuri ni siku moja au mbili baada ya mvua, changarawe ikiwa bado na unyevu, na magugu yakiwa na majani mawili hadi manne tu. Wakati huo hutoka na mzizi wote kwa kukwaruza kidogo kwa kijembe au reki. Ukingoja yachanue umechelewa: mbegu za kishona nguo zitakuwa zimeshika kwenye suruali ya kila mtoto anayepita kwenda shule. Nusu saa kila wiki ya mvua, watu wa ploti moja wakipokezana, ni nafuu kuliko siku nzima ya kufyeka mwezi Juni. Kufyeka kwa panga huacha mizizi, na mengi huchipuka upya yakiwa manene zaidi.

Sio magugu yote yanayong'oka kwa njia moja. Ndago ina viazi vidogo vilivyofungamana chini ya ardhi kama shanga, na ukivuta jani, kiazi hubaki na kuchipua tena. Hilo linahitaji jembe la meno: chimba, toa viazi, kisha rudishia changarawe na uishindilie. Lile gugu la shina laini na maua ya buluu, ambalo wengi mlilijua shambani kwa jina la mukengeria, kila kipande chake huota mizizi. Ukilikatakata na kuliacha njiani umelipanda. Nyasi za Kikuyu nazo hutambaa kutoka pembeni, kwa hiyo kata ukingo wake kwa beleshi kila baada ya miezi michache.

Mawili yanahitaji tahadhari. Gugu karoti, lenye majani yaliyogawanyika kama ya karoti na maua madogo meupe, huwasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu, hivyo usilishike kwa mkono mtupu. Mmea wa mnanaha, wenye maua marefu kama tarumbeta na tunda lenye miiba, una sumu toka mzizi hadi mbegu. Ukiuona karibu na wanapocheza watoto, ung'oe siku hiyo hiyo. Mtoto akimeza mbegu zake, apelekwe hospitali bila kungoja dalili, na beba kipande cha mmea mkamwonyeshe daktari.

Njia nyingine isiyo na gharama ni maji ya moto. Maji yaliyobaki baada ya kuchemsha mahindi au viazi, yakimwagwa yakiwa bado yanachemka juu ya miche michanga, huiua. Hayatamaliza ndago, na yafanywe wakati watoto wako mbali, lakini kwa nyufa za mlangoni yanatosha.

Wapo wanaotumia chumvi. Ni kweli chumvi hukausha magugu, lakini haibaki pale ulipoimwaga. Mvua huipeleka kwenye magunia ya sukuma wiki ya jirani, na pia hula mabati. Katika mitaa ambako ukuta wa nyumba unagusa njia, ukimwaga chumvi unanunua kutu. Oili chafu kutoka gereji ni mbaya zaidi. Huua magugu, huwafanya watu kuteleza, kisha huingia mtaroni na kutoka hapo mtoni. Kijia kinachoteremka Lindi au Silanga kinaelekea Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo sasa limefunikwa na gugu maji kwa sababu ya uchafu tunaoliteremshia. Itakuwa ajabu tukipalilia juu huku tukichafua chini.

Kuhusu dawa za kuua magugu, ushauri wetu ni kwamba zisitumike kwenye vijia vya mitaa hii hata kidogo. Shamba lina mipaka na siku za kutoingia baada ya kunyunyiza, lakini kijia cha Gatina hakina. Watoto hucheza hapo, kuku hudonoa hapo, na chakula hupikwa hatua mbili kando. Hatari kubwa zaidi ni dawa inayouzwa rejareja katika chupa ya soda bila lebo: hakuna ajuaye ni nini wala ni kali kiasi gani, na kuna watoto waliokunywa wakidhani ni soda. Dawa halali husajiliwa na bodi ya kitaifa, PCPB, na huuzwa katika kifungashio chake chenye nambari ya usajili. Mtu akikuletea kwenye chupa ya soda, kataa.

Tuseme pia kwamba si kila kijani ni adui. Wanubi waliokaa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita waliliita eneo hili Kibra, yaani msitu, na ardhi ya mteremko bado inahitaji kitu cha kuishikilia. Mvua kubwa za Aprili 2024 zilibeba udongo mwingi pale palipokuwa wazi. Ng'oa kwenye sehemu inayokanyagwa na ndani ya mtaro, lakini nyasi fupi kwenye kingo za mteremko ziache, uzipunguze tu. Managu na terere zinazoota kando ya mtaro wa maji taka zisichumwe kwa mboga, hata zikivutia namna gani. Mbegu zake unaweza kuzipanda kwenye gunia lenye udongo safi.

Ikiwa magugu yanarudi kila mara mahali pamoja licha ya palizi, pengine kasoro ni kijia chenyewe. Changarawe iliyochanganywa na vumbi la kokoto na kushindiliwa vizuri hukaza kuliko kokoto tupu zilizomwagwa. Kijia pia kinapaswa kuinamia mtaro, kiasi cha sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita ya upana, ili maji yasisimame.

Magugu yaliyong'olewa yaanikwe juu ya gunia hadi yakauke kabisa kabla ya kuingizwa kwenye mboji. Yenye mbegu, pamoja na ndago na mukengeria, yasiingie humo. Yafunge kwenye gunia lake mbali na plastiki, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na nyingine, na uyafikishe mahali pa kukusanyia taka. Kuyatupa mtaroni ni kosa. Mtaro ukiwa umevunjika au kijia kimekatwa na maji, piga ripoti kwa ofisi ya msimamizi wa wadi yako, iwe Laini Saba, Lindi, Makina au Sarang'ombe kwa upande wa Kibera, na Gatina, Kabiro au Kawangware kwa upande wa pili. Taja jina la kijia na jengo lililo karibu, na ukiweza beba picha iliyopigwa mvua ikinyesha, maana kiangazi mtaro uliovunjika huonekana mzima.